Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Soka wa Mikoa na Wilaya Kuhusu Waamuzi Wanaoanza

Kwenu viongozi wa vyama vya soka vya mikoa na wilaya, viongozi wa vyama vya waamuzi, makamisaa na watathmini wa ligi za ngazi za chini nchini Tanzania.

Yah: Namna tunavyowasahihisha waamuzi chipukizi baada ya mchezo

Ndugu viongozi,

Nilishika kipyenga kwa miaka kumi na tisa katika ligi za wilaya na mkoa huku Kanda ya Ziwa, na kwa miaka minane sasa nakaa pembeni ya viwanja vile vile nikiwa na karatasi na kalamu, nikitathmini kazi ya vijana waliotupokea. Nimeona niwaandikie hadharani kwa sababu jambo hili nimelisema vikaoni mara kadhaa, likaandikwa kwenye mihtasari na likaishia humo. Ninachoomba ni kwamba mwamuzi anayeanza aelezwe makosa yake siku ile ile, faragha, na mtu aliyekuwa akimtazama yeye badala ya kuutazama mpira, tena kwa maneno anayoweza kuyafanyia kazi katika mchezo unaofuata. Katika viwanja vingi ninavyovijua hapati kitu cha namna hiyo. Hupata karipio mbele za watu, au hupata ukimya, kisha miezi miwili baadaye husikia kutoka kwa mwenzake kwamba jina lake limeondolewa kwenye orodha.

Msimu uliopita nilikuwa mtazamaji wa kawaida katika mchezo wa vijana wa chini ya miaka 17, kwenye uwanja wa shule ya msingi ambao mistari yake ilichorwa kwa majivu asubuhi ile. Mwamuzi wa kati alikuwa msichana wa miaka 19, ambaye hata miezi minne haikuwa imepita tangu amalize kozi ya awali. Dakika za mwisho, timu zikiwa zimefungana bao moja kwa moja, kipa alipiga goli kiki ndefu, mpira ukamshinda beki wa upande wa pili, mshambuliaji akakimbia nao na kuangushwa hatua moja nje ya eneo la hatari. Binti akapuliza na kuonyesha penalti. Penalti ikaingia na mchezo ukaisha hivyo.

Kamisaa alimsubiri chini ya mwembe, pale waamuzi walipokuwa wameweka mabegi yao, na mbele ya makocha wote wawili, wachezaji na watoto waliokuwa wamezunguka, akamwambia kwa sauti: “Umetuharibia mchezo. Kama huwezi kukimbia, kaa nyumbani.” Binti alikuwa ameshika chupa ya maji ambayo alikuwa hajaifungua. Kamba ya kipyenga ilikuwa bado imejiviringisha kwenye vidole vyake, naye alikuwa akiikaza na kuilegeza, akiikaza na kuilegeza. Akasema, “Nimekuelewa, mzee,” akavua viatu, akavitia kwenye begi pamoja na soksi, akapanda bodaboda akiwa bado na jezi iliyolowa jasho. Jumamosi iliyofuata alikuwa amepangwa kushika kibendera kwenye uwanja mwingine, na hakutokea.

Uamuzi wake ulikuwa wa makosa, na katika hilo simtetei. Lakini sababu aliyopewa haikuwa ya kweli. Kukimbia alikimbia, tena kwa mbio zake zote. Tatizo lilianza kabla mpira haujapigwa, kwani kipa alipouweka mpira chini, binti alibaki karibu na eneo la hatari la kipa huyo kana kwamba jambo lingetokea pale, ilhali mwamuzi anayesubiri goli kiki ndefu hutakiwa awe ameshasogea kuelekea katikati ya uwanja, mahali mpira unapotazamiwa kudondokea. Mpira ulipopita juu ya kichwa chake alikuwa amekwisha kuachwa mbali mno, na mtu anayetazama kutoka nyuma kwa umbali ule hawezi kutofautisha ndani na nje ya mstari wa majivu. Sentensi moja ingemtosha: “Kipa akiwa anapiga mbali, goli kiki yake isubirie kwenye duara la kati.” Badala yake aliondoka akiamini kwamba hana pumzi, wakati kipimo cha utimamu wa mwili alikuwa amekifaulu. Nami niliyeyaona hayo yote nilinyamaza, kwa kuwa siku ile sikuwa na wadhifa wowote uwanjani, na ukimya huo unanisumbua mpaka leo.

Unanisumbua zaidi kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kusahihishwa vizuri. Mwaka 1998, katika msimu wangu wa kwanza, nilitoa penalti iliyozua zogo kubwa. Mtathmini wa siku ile alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Hakuniambia lolote mpaka watu walipotawanyika. Nilikunywa maji, nikabadili nguo, nikadhani amekwenda zake. Kisha nikamsikia akiniita: “Mwanangu, hebu twende pale.” Jua lilikuwa linazama. Akavua kiatu chake kimoja, akakiweka mahali mshambuliaji alipoangukia, akasimama mwenyewe mahali pa beki, akaniagiza nirudi nilipokuwa wakati napuliza. Nikarudi. “Mguu wangu wa kulia unauona?” Sikuuona, mgongo wake ulikuwa umeuziba. “Basi uliadhibu ulichokisikia,” akasema, maana mashabiki walikuwa wamejaa nyuma ya goli lile na walipiga kelele kabla sijapuliza. Akaniambia nisogee kushoto polepole mpaka nitakapouona mguu. Zilikuwa hatua sita. Akavaa kiatu chake, tukaondoka.

Siku ile nilikuwa nimekosea mengine mengi ambayo niliyahesabu mwenyewe njiani: kadi niliyoitoa kabla ya kuandika namba ya mchezaji, mpira wa adhabu niliouruhusu upigwe ukiwa bado unabiringika, kipyenga nilichokipuliza kwa woga kiasi kwamba nusu ya wachezaji hawakukisikia. Mzee aliyaona yote na hakuyataja. Wiki mbili baadaye alikuja tena kunitazama, na mchezo ulipokwisha aliniuliza jambo moja tu, kama nimezipata zile hatua sita.

Ndugu viongozi, natamani kila mwamuzi wa daraja la tatu apate jioni moja kama ile. Mzee yule aliuliza kabla ya kuhukumu, na swali lake lilikuwa na jibu. Kumwuliza kijana “Kwa nini ulitoa penalti ile?” ni kumpandisha kizimbani, naye atajitetea kwa sababu yoyote iliyo karibu. Ukimwuliza “Ulikuwa umesimama wapi, na uliona nini?” anarudi uwanjani kwa mawazo yake, na mara nyingi ataligundua kosa kabla hujalitaja. Halafu alichagua. Mwamuzi anayeanza anabeba mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja, saa, idadi ya kadi, bendera ya msaidizi, benchi la ufundi linalopiga kelele, na anayemwongezea orodha ya mambo tisa baada ya mchezo hamfundishi hata moja. Mwisho, alirudi kutazama lile alilolisema. Sijui ni watathmini wangapi kati yetu wanaokumbuka, wanapokwenda kwa kijana mara ya pili, walimwambia nini mara ya kwanza. Mimi nilianza kukumbuka nilipoanza kuandika kwenye daftari.

Ipo pia tofauti ambayo tunaipuuza, nayo ni ya kosa la sheria na kosa la kutazama. Kijana akikubali bao la mpira wa kurusha ulioingia moja kwa moja kwenye goli la wapinzani bila kuguswa na mtu, huyo amekosea sheria, na hapo hakuna haja ya maswali ya kuzunguka: aambiwe kwamba uamuzi sahihi ni goli kiki, afunguliwe Sheria ya 15 aisome. Vivyo hivyo kwa asiyenyanyua mkono kwenye adhabu isiyo ya moja kwa moja, au anayeushusha kabla mpira haujaguswa na mchezaji wa pili. Lakini kama aliona mguu ukigusana na mguu akadhani ni uzembe wa kawaida, wakati wewe ukiwa umekaa pembeni uliona kukwatuliwa kwa nguvu, hilo ni la macho na mahali pa kusimama, na Sheria ya 5 yenyewe inatambua kwamba maamuzi hufanywa kwa uwezo wote wa mwamuzi na kwa kadiri ya anavyoona yeye. Hapo kazi yetu ni kumsaidia aone vizuri zaidi wakati mwingine. Ubishi juu ya nani alikuwa sahihi hauongezi chochote kwenye macho yake.

Sasa niseme kuhusu karatasi zetu za tathmini, na hapa najishtaki pamoja na wengine. Nimezipitia nakala za zamani nilizohifadhi nyumbani, na karibu kila karatasi niliyoijaza katika miaka yangu ya mwanzo ina maneno “aongeze umakini”. Najiuliza kijana angefanya nini na maneno hayo Jumapili iliyofuata. Umakini unaongezwa wapi, dakika ya ngapi, kwa kutazama kitu gani? Siku hizi najaribu kuandika hivi: “Dakika ya 31 ulipuliza wakati winga ameshampita beki na mpira ukiwa mguuni mwake. Subiri kidogo. Faida isipopatikana ndani ya sekunde chache, sheria inakuruhusu kurudi kwenye kosa la awali.” Au kwa mwamuzi msaidizi: “Mara tatu ulikuwa sambamba na mpira huku mlinzi wa pili kutoka mwisho akiwa ameshasogea karibu zaidi na goli lake. Mfuate yeye.” Maneno kama haya huchukua muda kuyaandika, na yanamlazimu mtathmini awe ametazama kweli. Lakini hata hayo hayana faida yakiishia kwenye jalada la kamati, maana kwa utaratibu tulio nao karatasi inapanda juu na mwenye kutathminiwa haioni kamwe. Vijana wengi wanajua alama waliyopewa kwa kuisikia kwa watu.

Lipo jambo jingine linalohitaji ujasiri kulisema, kwamba baadhi yetu tunaowasahihisha hatujui sheria kama zilivyo leo. Tangu mabadiliko ya mwaka 2019, mpira wa goli kiki unakuwa mchezoni mara tu unapopigwa na kusogea waziwazi, na mchezaji mwenzake anaweza kuupokea ndani ya eneo la hatari. Bado nasikia wazee wenzangu wakimfokea kijana kwa kutokurudisha goli kiki ambayo “haikutoka nje ya kumi na nane”. Kuanzia Julai 2025, kipa akiushikilia mpira kwa mikono kwa zaidi ya sekunde nane, timu pinzani hupewa kona, na mwamuzi huonyesha kwa mkono sekunde tano za mwisho. Nilimshuhudia kijana aliyefanya hivyo kama ilivyoandikwa, na mmoja wetu akamwambia baada ya mchezo kwamba amezusha sheria yake. Kijana alikuwa na simu yenye kitabu cha sheria, alikuwa anaweza kumwonyesha, na hakuthubutu, kwa sababu tumewalea waamini kwamba kumjibu mtathmini ni utovu wa nidhamu. Aliyekuwa sahihi akaomba radhi. Sidhani kwamba mwezi ule alitoa tena kona ya namna hiyo.

Tukumbuke pia mwili. Januari 2022, katika fainali za Mataifa ya Afrika nchini Cameroon, mwamuzi mzoefu wa kimataifa Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mchezo wa Tunisia na Mali dakika ya 85, akaurudisha, kisha akaumaliza tena kabla ya dakika 90 kutimia, na baadaye alieleza kwamba joto lilimzidi. Yule alikuwa na madaktari karibu, vyombo vya mawasiliano na wasaidizi wa daraja lake. Vijana wetu hupangiwa mechi mbili mfululizo katika mashindano ya shule, ya kwanza ikianza saa saba mchana, wengine wakiwa hawajala tangu asubuhi kwa sababu posho hutolewa mwisho wa siku. Mtathmini anayeandika kwamba mwamuzi “alipoteza udhibiti kipindi cha pili cha mechi ya pili” bila kumwuliza amekula nini na amekunywa maji lini ameandika nusu ya habari.

Kwa wasichana, naona makosa mawili yanayokwenda kinyume. Wapo wanaokaripiwa kwa maneno ambayo mvulana asingeambiwa, kama yule wa chini ya mwembe, na wapo wanaoambiwa “umejitahidi sana, binti yangu” hata walipokosea wazi, wakarudi nyumbani bila kitu cha kurekebisha. Wote wawili wamenyimwa. Salima Mukansanga wa Rwanda alipokuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika fainali za wanaume za Mataifa ya Afrika, katika mchezo wa Zimbabwe na Guinea mwaka 2022, na Jonesia Rukyaa wa hapa kwetu alipokabidhiwa mchezo wa Simba na Yanga, hakuna mchezaji aliyewapunguzia kasi wala shabiki aliyewapunguzia kelele. Binti anayeanza leo anastahili kuambiwa ukweli ule ule anaoambiwa kaka yake, kwa heshima ile ile.

Najua wapo kati yenu watakaosema kwamba utaratibu huu ni wa kudekeza, na kwamba mwamuzi mbovu au mla rushwa anatakiwa kufungiwa. Rushwa, matusi na upangaji wa matokeo vina kamati zake na adhabu zake, na sina neno la kuvitetea. Ninazungumzia kijana aliyekosea kwa kutokujua au kwa kusimama vibaya. Na wala njia ya mzee yule haikuwa ya kudekeza. Usiku ule sikulala vizuri, maana nilikuwa nimejionea kwa macho yangu kwamba nilitoa penalti kwa kelele za watu. Karipio ningelisahau kwa kumchukia aliyelitoa. Zile hatua sita sikuwa na wa kumchukia.

Kuna na hili la kusema mbele za watu, ambalo madhara yake hayaishii kwenye aibu. Kocha aliyesikia kamisaa akimwita mwamuzi “hovyo” ataliweka neno hilo mfukoni, na siku watakapokutana tena atalitoa dakika ya kumi, mara tu adhabu ya kwanza itakapoelekezwa kwake. Sisi wenyewe tutakuwa tumeivunja mamlaka tuliyompa kijana, kisha tunamwandikia kwamba hana mamlaka uwanjani.

Kwa hiyo naomba yafuatayo kutoka kwenu, na mengi hayahitaji fedha. Kabla ya ligi za wilaya kuanza, watathmini na makamisaa tukalishwe siku moja na kitabu cha sheria cha msimu husika, tupewe mtihani kama wanavyopewa waamuzi, na asiyefaulu asitumwe. Kamisaa asimamie usalama, mapato na taratibu za mchezo, na masuala ya ufundi wa mwamuzi amwachie mtathmini, au ayaandike na kuyapeleka kwake bila kuyatamka uwanjani. Kila mwamuzi anayeanza apewe nakala ya tathmini yake ndani ya siku tatu, hata kama ni picha ya karatasi iliyotumwa kwa simu, na awe na haki ya kujibu kwa maandishi. Michezo yake kumi ya mwanzo isitumike kumshusha wala kumfungia, isipokuwa kwa utovu wa maadili. Na katika kila kata yenye uwanja mtafuteni mwamuzi mstaafu mmoja, kwa maana wapo na wengi wao hukaa tu nyumbani Jumamosi, mpeni nauli ya kwenda na kurudi na kazi ya kumtazama kijana mmoja kwa msimu mzima, mtu yule yule kwa kijana yule yule, ili ajue alichomwambia wiki iliyopita. Nauli hiyo ndiyo gharama pekee kubwa ninayoiona katika maombi yangu, na vilabu vinavyolipa faini za mashabiki wao kila msimu vinajua kwamba vilabuni na kwenye vyama fedha huwa inapatikana ikitafutwa.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitakuwa wenyeji wa fainali za Mataifa ya Afrika, na viwanja vinajengwa na kukarabatiwa kwa ajili hiyo. Nafurahi kuviona. Lakini mwamuzi wa fainali za miaka kumi baada ya hapo yuko leo kwenye uwanja wa mistari ya majivu, na sehemu ndogo ya juhudi hizo ingemfikia bila nyasi za 2027 kupungua.

Yule msichana nimekwenda kwao mara mbili. Mara ya kwanza mama yake aliniambia amesafiri, nami nikajua kwamba yumo ndani. Mara ya pili alitoka, tukakaa barazani, nikamchorea uwanja kwa kijiti kwenye mchanga, nikamwuliza alikuwa amesimama wapi kipa alipopiga mpira ule. Alichukua kijiti mkononi mwangu akaweka alama karibu na goli, akaitazama kwa muda, kisha bila kuambiwa akaifuta kwa kidole na kuiweka kwenye duara la kati. Amekubali kuja kushika kibendera katika mashindano ya kata yatakayoanza wiki ijayo. Naomba yeyote mtakayemtuma kumtazama siku hiyo awe amekwisha kuisoma barua hii.

Wenu katika michezo,

Mtathmini wa waamuzi, Kanda ya Ziwa